Mchinje Jogoo Kabla ya Mtihani

Chukua kisu, mwalimu mwenzangu. Kabla hujashika chaki, kabla hujatoa nakala ya karatasi hata moja ya kudurusu, mtafute jogoo aliyejificha ndani ya insha za wanafunzi wako umchinje. Unamjua. Ndiye yule anayewika kwenye mstari wa kwanza, ndege wakatumbuiza mitini, umande ukametameta nyasini na mwandishi akarauka kitandani kana kwamba siafu wamemvamia.

Muhula uliopita nilisahihisha bunda la mtihani wa mwigo wa kidato cha nne. Swali la lazima lilikuwa barua kwa mhariri kuhusu ajali za bodaboda. Nikafungua karatasi ya sita. Anwani ipo, tarehe ipo, mtajo upo, kichwa kimepigiwa mstari kwa rula. Kisha jogoo akawika. Ndani ya barua kwa mhariri! Msichana alikuwa ameandika kwamba jogoo wa kwanza alipowika yeye aliamka, akakoga, akastaftahi kwa chai na mayai, ndipo akakumbuka kuwa bodaboda zinamaliza watu. Niliweka kalamu chini. Sikumkasirikia mtoto. Nilimwonea huruma, maana nilijua kuna mtu mzima aliyemwandikia jogoo huyo ubaoni tangu akiwa darasa la nne, akamwambia amkariri na kwamba huyo ndiye atakayempa alama. Na huenda mtu huyo ni mwalimu mwema, mwenye bidii kuliko mimi.

Huu ni mwongozo wa kumwandaa mtahiniwa wa Kiswahili cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kwa yale mambo mawili ambayo mtihani wote umeyaegemea, kusoma na kuandika. Mengi nitakayoyasema yatasikika kama mzaha, kuchinja jogoo likiwa la kwanza. Ninaomba uyafuate kama yalivyo.

Tuanze kwa kujua tunachokiendea. Karatasi ya kwanza humpa mtahiniwa saa 1 na dakika 45 za kuandika insha mbili, kila moja ikiwa na alama 20 na isiyopungua maneno 400. Insha ya kwanza ni lazima. Ya pili anaichagua kutoka maswali matatu. Karatasi ya pili ni saa 2 na nusu na alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. Ya tatu ni fasihi, nayo ina alama 80. Piga hesabu hapo. Insha, ufahamu na ufupisho pekee ni alama 70 kati ya 200, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani. Nikiongeza fasihi, ambayo haijibiki na mtu asiyesoma, nusu kubwa ya mtihani iko mikononi mwa mtoto anayesoma akaelewa na kuandika akaeleweka. Lakini pita shuleni Septemba uone tunachowafanyisha. Tunawakimbiza ngeli asubuhi, tunawakimbiza ngeli jioni.

Jogoo nadhani alitotolewa kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani ule ulianza mwaka 1985 na ukamalizika 2023, na kwenye Insha mtoto alikuwa na dakika 40 za kusaka alama 40. Mtoto wa miaka kumi na minne, dakika arubaini, mdokezo mmoja, ukumbi umenyamaza kama kaburi. Ukiwa na hofu kiasi hicho utashika chochote kilicho karibu. Walimu tuliliona hilo tukawapa cha kushika: mianzo mitatu ya kukariri, misemo ishirini, tamati mbili. Mwanzo wa asubuhi, mwanzo wa jua la utosi, mwanzo wa usiku wa giza totoro. Mtu akitoroka, basi amechana mbuga. Akilia, machozi yamemtiririka njia mbili mbili. KCPE imekufa na kuzikwa, lakini vifaranga wake walishahamia sekondari, nao wanafika kidato cha nne wakiwa wazima kabisa.

Mwongozo wa kusahihisha hupanga insha kwa madaraja manne. D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15 na A ni 16 hadi 20. Daraja la juu ni la mawazo yaliyopevuka, yanayotiririka, yanayomteka msomaji. Miaka yote niliyokaa na kalamu nyekundu sijaona jogoo aliyemfikisha mtu A. Msahihishaji amekutana naye mara arubaini kabla ya chakula cha mchana. Akimwona tena, macho yanashuka yenyewe hadi aya ya pili kutafuta mtu aliye hai.

Basi, namna ya kuchinja. Ingia darasani uwaambie wataje kila sentensi waliyowahi kukaririshwa. Iandike ubaoni kwa heshima, usimcheke mtu. Ubao utajaa, na watafurahi, maana ni kama wimbo wanaoujua wote. Kisha waambie kwamba sentensi hizo zimekwenda likizo muhula mzima. Atakayeitumia moja ataifuta na kuandika nyingine mahali pake, aliyoiona kwa macho yake mwenyewe. Kazi ya siku hiyo iwe fupi: mistari mitano tu kuhusu kilichotokea leo asubuhi kati ya bweni na darasa.

Mara ya kwanza watakuambia hakuna kilichotokea. Nyamaza, wape muda. Mimi nilikaa kimya dakika nne nzima, zikawa ndefu kama ibada. Hatimaye kijana mmoja wa nyuma, ambaye insha zake zote zilikuwa hazivuki alama 7, akaandika kwamba mpishi alikuwa akipuliza moto huku mkono mmoja umeshika kofia isije ikaangukia uji. Hivyo tu. Nilimwomba aisome kwa sauti. Darasa zima likacheka, kisha likamgeukia, maana kila mmoja alikuwa amepita jikoni asubuhi ile na yeye peke yake ndiye aliyeona. Kijana alikaa wima kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Misemo si adui yangu. Ninaipenda, nimelelewa nayo. Lakini msemo ni chumvi, nao watoto wetu wanapika sufuria ya chumvi wakitafuta mahali pa kutia kunde.

Sasa kusoma, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapoumia zaidi. Waibie wanafunzi wako dakika kumi katika kila kipindi cha Kiswahili. Ndiyo, ziibe, toka kwenye ngeli ukipenda. Katika dakika hizo wasomee kitabu kwa sauti, kitabu kizuri, kizima kizima, bila swali, bila zoezi, bila kusimama kuuliza hii ni tashbihi au istiara. Mimi huanza na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, na sijaona darasa lililoikataa. Hivi sasa si kitabu teule, na hiyo ndiyo sababu ya pili ya kuichagua: hakuna mtihani unaoinyemelea. Yupo Kongowea Mswahili anayetoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake hadi Kitale, na kijana akishaanza safari hiyo hawezi kukubali umwache njiani. Kengele inapolia wanaguna. Nilikuwa na nakala moja tu, niliyoiacha mezani Ijumaa moja. Jumatatu haikuwepo. Wiki mbili baadaye nikaambiwa iko bwenini, inalala kitanda hiki na kuamkia kingine, jalada limeshatoka. Sikuidai. Nilinunua nyingine.

Kwa nini kwa sauti? Kwa sababu wengi wa watoto hawa hawajawahi kukisikia Kiswahili kirefu. Wamesikia tangazo, wamesikia wimbo, wamesikia Sheng ya matatu, ambayo ina ufundi wake na mimi siibezi. Lakini sentensi ndefu inayopanda mlima, ikapumua kwenye mkato, ikateremka ikatua palipopasa, hiyo hawajaisikia. Huwezi kumwomba mtoto acheze ngoma ambayo masikio yake hayaijui.

Pamoja na kitabu, tafuta gazeti. Nakala moja ya Taifa Leo inatosha darasa zima ukiikata kwa makasi. Mpe kila mmoja kipande. Anasoma, anakigeuza kifudifudi, anamweleza jirani yake kilichosemwa. Jirani anasoma aone kama amedanganywa. Hayo ndiyo maandalizi ya ufahamu ninayoyaamini. Mtahiniwa anayeanguka ufahamu mara nyingi hakukosa akili, alikosa subira. Aliruka kifungu akaenda kwenye swali, akaona neno linalofanana na lililo katika aya ya tatu, akainakili sentensi yote kama ilivyo, nafsi ya kwanza ikiwa nafsi ya kwanza, akasonga mbele. Swali likimtaka maana ya neno kama lilivyotumika katika kifungu, yeye anatoa maana aliyoizoea. Kifungu kinasema mtu amekata kamba kwa maana ya kufariki, naye anaandika kwamba mtu alichukua kisu. Kipande cha gazeti na jirani mbishi vinatibu ugonjwa huo kuliko karatasi kumi za miaka iliyopita.

Na jambo moja linaniuma kuhusu vitabu teule. Tunawauzia watoto miongozo kabla hawajafungua riwaya. Chozi la Heri ilipokuwa kitabu teule, kijana aliwajua wahusika wake mmoja mmoja, sifa zao tano tano, lakini hakuwa amekaa na kitabu chenyewe hata usiku mmoja. Ficha miongozo hiyo kabatini, ufunguo utie mfukoni, na usiutoe hadi kitabu kisomwe chote mara moja, hata kama kimesomwa vibaya.

Ufupisho usiufundishe ubaoni kwanza. Ufundishe kwa mfano wa dukani. Kila mtoto wa hapa ametumwa dukani na mama yake, naye mama alieleza kwa kirefu: mwambie Mzee wa duka nimepata wageni kutoka mbali, baba yenu bado hajarudi, na wale wa mshahara wamechelewesha tena, kwa hiyo aniazime unga pakiti mbili na sukari robo, nitamlipa Ijumaa nikijaliwa. Mtoto akifika kwenye kaunta anasema, "Mama ameomba unga mbili na sukari robo, atalipa Ijumaa." Muulize darasani: uliacha nini, na kwa nini? Wageni uliwaacha wapi? Ataeleza vizuri kabisa, tena kwa kujiamini, kwamba wageni ni sababu na unga ndio habari. Hapo ameshafanya ufupisho. Kilichobaki ni kuhesabu maneno. Mwambie basi aorodheshe hoja kwanza pembeni, aziunganishe kwa lugha yake mwenyewe, na asivuke idadi aliyopewa, kwa sababu kuivuka kunamkata alama, na makosa ya sarufi na tahajia yanamkata pia.

Kwa insha za kiuamilifu ninao ushauri mmoja tu: mtoe mtoto nje ya shule. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye kumbukumbu zake zote zilikuwa za Chama cha Kiswahili, wanachama wale wale, ajenda ile ile ya kununua kamusi. Likizo ilipokaribia nilimtuma akaandike kumbukumbu za mkutano wa kweli. Akaenda kwenye chama cha nyanya yake, akina mama kumi na wawili wanaokutana chini ya mwembe Jumapili mchana. Alirudi na kurasa tatu nilizozisoma nikiwa nimesimama.

Waliohudhuria walikuwepo kwa majina na vyeo. Waliokosa kwa udhuru, wawili. Waliokosa bila udhuru, mmoja, na mbele ya jina lake kijana alikuwa ameandika "ameonekana sokoni" kisha akakata kwa mstari mmoja. Nilimuuliza kwa nini alikata. Akaniambia kwamba alipowasomea alichoandika, mama mmoja alimwambia, "Mjukuu wetu, hayo tumeyasema, lakini hayaandikwi." Wakabishana. Mwenyekiti akaamua yafutwe. Halafu wakamrudisha kwenye faini ya shilingi 50 ya kuchelewa, wakamtaka asome tena mara mbili, kwa kuwa kuna aliyedai alifika kabla ya maombi. Kijana yule alijifunza chini ya mwembe kitu ambacho sikuweza kumfundisha kwa miaka miwili: kwamba kumbukumbu huandikwa kwa wakati uliopita na bila porojo kwa sababu kuna mtu atakuja kuzitumia siku moja kukataa kulipa. Mambo ya saini ya mwenyekiti na katibu hakuyasahau tena. Aliona mwenyewe nyanya akiomba miwani kabla ya kutia sahihi.

Vivyo hivyo barua rasmi. Kama bomba la maji la shule limepasuka, mwandikishe mwanafunzi barua ya kweli kwa ofisi husika, ipigwe muhuri na ipelekwe. Hotuba iandikwe kwa ajili ya gwaride la Ijumaa na itolewe hapo hapo. Wasifukazi uwe wa kijana mwenyewe, si wa daktari wa kubuni mwenye shahada nne.

Methali ina mtego wake. Ukipewa "Haraka haraka haina baraka", kisa sharti kionyeshe pande zote mbili: haraka yenyewe, halafu baraka iliyokosekana. Wengi humwaga jasho kwenye haraka, gari linakimbia kurasa mbili nzima, na baraka inakumbukwa kwenye mstari wa mwisho msimamizi akisema kalamu chini. Wengine hawasimulii kabisa. Wanaeleza maana, wanataja methali sita zinazofanana, wanaishiwa. Nami huwaambia wachague swali la methali ikiwa tu kuna mtu wanayemjua aliyewahi kupatwa na jambo hilo. Kama hayupo, waende kwenye swali lingine kwa amani. Na kwa swali lolote, wasijitungie lao. Aliyejitungia swali huangukia D hata akiandika kwa ufasaha wa kasuku.

Kuhusu tahajia, tuwe na upole. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao haitenganishi r na l anaandika kwamba walifika "mahari pa mkutano", na darasa linaangua kicheko kana kwamba mkutano umetolewa ng'ombe. Usicheke nao. Hakukosea kwa uvivu, ameandika anavyosikia. Mpe jozi azisome kwa sauti kila siku, kura na kula, mahari na mahali, ulimi ukijifunza mahali pa kugusa. Anayetenganisha maneno akaandika "ni me fika", mwonyeshe kwamba neno hilo ni familia moja isiyolala nyumba tatu. Na yule wa "xaxa" na "2ko" anajua vizuri sana tahajia sahihi. Mtake aandike ujumbe mmoja kwa rafiki na mmoja kwa mwalimu mkuu, utaona atakavyobadilika mwenyewe.

Kalamu nyekundu nayo ipunguze. Nimewahi kurudisha insha iliyovuja damu toka juu hadi chini, mwanafunzi akaangalia alama, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa dawati lililokuwa likitikisika. Siku hizi ninasahihisha jambo moja kila juma. Juma la viunganishi, ni viunganishi. Chini ya kila insha ninaandika sentensi moja ya mwanafunzi mwenyewe iliyonipendeza, nzima, kwa mwandiko wangu. Wanaitafuta hiyo kabla ya alama.

Wazazi, kwenu nina ombi dogo. Acheni kununua mabunda ya karatasi za majaribio barabarani. Mtoto akija likizo, mwambie akusomee kitu ukiwa unachambua mboga. Kama husikii vizuri, mwambie apandishe sauti. Kama hukuelewa, muulize, naye aeleze tena. Hapo hujalipa hata senti.

Siku ya karatasi ya kwanza ikifika, mtahiniwa agawe zile dakika 105 hivi. Kumi za kusoma maswali yote na kuandika hoja pembeni, penseli mkononi, hata kama jirani yake ameshafika ukurasa wa pili. Arubaini kwa insha ya lazima. Arubaini kwa aliyoichagua. Zile kumi na tano zilizobaki asizitumie kuongeza aya. Azitumie kusoma alichoandika, neno kwa neno, midomo ikisogea bila sauti, kama nilivyokuwa nikiwasomea darasani. Msimamizi akimkazia macho, asitishike. Aendelee kusogeza midomo.